Mulika Mwizi Haina Intaneti

Sura ya Nne

Elmina Nyambeki aliiweka simu juu ya kaunta ya kioo, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi ikasimama mbele ya mwanamume aliyevaa tai.

"Nionyeshe intaneti iko wapi hapo," akasema.

Ojwang', msimamizi wa duka la kampuni ya simu ya Sautika mjini Kericho, aliitazama bila kuigusa. Ilikuwa mulika mwizi ya vitufe, tochi kichwani, rangi ya buluu imebabuka pembeni, na kiunoni imefungwa mpira uliokatwa kwenye glavu ya hospitali ili betri isichomoke.

"Mama, hii haina intaneti."

"Andika hivyo."

"Niandike wapi?"

"Kwa fomu ya malalamiko. 'Nimeiona simu ya mteja, haina intaneti.' Halafu uweke jina lako."

Ojwang' hakuandika. Aligeukia kompyuta yake akabofya mara mbili tatu, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Nyambeki alingoja. Alikuwa amevaa sare ya polisi miaka ishirini na sita, akastaafu akiwa inspekta, na sasa alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Sotik, akiwapelelezea watu mambo ambayo kituo hakina nafasi nayo. Kungoja alikujua vizuri kuliko watu wengi.

Mwenye simu alisimama kando yake, hajavua sweta ya kazi. Huyu alikuwa Nelvine Chepngeno, mkunga wa zahanati ya Cheptabut, na watu wa huko walimwita Sista. Kwa miaka tisa namba ile ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa posho mill ya kusaga mahindi, na nyuma ya kila kitabu cha kliniki alichogawa. Mama akishikwa na uchungu, hiyo ndiyo namba aliyopiga. Aliichukulia mkataba wa malipo ya mwisho wa mwezi kwa sababu moja tu: kredo isije ikaisha katikati ya maneno. Mwezi uliopita bili ilimjia mara tatu ya kawaida, ati ni ya data. Alipouliza aliambiwa kuna miezi mingine miwili nyuma. Wiki hii ulikuja ujumbe: asipolipa, laini itakatwa Ijumaa saa sita mchana.

Leo ilikuwa Jumanne.

"Mimi sitaki maneno mingi," Nelvine akasema. "Hiyo data si yangu. Na mkataba wenu pia siutaki tena. Funga. Niachieni namba yangu tu, niweke kredo kama watu wengine."

"Sista, nikifunga na kuna deni, namba inaenda pamoja na mkataba. Na huu mkataba uliongezwa miaka miwili, tarehe kumi na moja Juni." Ojwang' aligeuza kioo cha kompyuta. "Saini yako hii hapa."

Nelvine aliinama, akatazama kwa muda.

"Hiyo ni saini yangu," akasema polepole. "Lakini mimi sikuweka saini hapo."

Nyambeki alivaa miwani akaisoma fomu yote, tangu juu hadi chini. Jina la Nelvine, namba ya kitambulisho, ombi la kuongezewa laini ya pili ya data, namba yake ikiishia na 614. Rauta moja. Bili zitumwe kwa barua pepe.

"Sista, una barua pepe?"

"Hata ya posta sina."

"Hii ya kwenye fomu ni ya nani?"

"Sijui."

Nyambeki alimgeukia Ojwang'. "Wakala aliyejaza hii ni nani?"

"Kaunta haioni. Hiyo inaonekana Nairobi."

"Rauta inatumika wapi?"

"Hiyo ni mpaka amri ya korti, mama."

"Na mteja akiuliza matumizi ya laini iliyo kwa jina lake mwenyewe?"

Ojwang' aliangalia mashine ya kuchapia. "Hiyo naweza kuchapisha. Siku, saa, na kiasi. Mahali, hapana."

"Chapisha."

Mashine ilipokuwa ikitema karatasi, Nyambeki aliuliza swali lake la mwisho. "Nini inaweza kuzuia hii laini isikatwe Ijumaa?"

"Malalamiko inachukua siku thelathini. Mfumo haungoji malalamiko." Ojwang' alishusha sauti. "Lakini kifaa kikirudi hapa, na niridhike kwamba hakikuwa kwa mteja, naweza kufunga hiyo laini ya pili na kuondoa charji zake siku hiyo hiyo. Ruhusa hiyo ninayo. Bila rauta, sina."

"Utaipata," Nyambeki akasema, akakunja karatasi.

* * *

Waliingia hoteli ya upande wa pili wa barabara, wakaagiza chai. Nyambeki alitandaza karatasi tisa mezani, akachomoa kalamu.

"Tarehe kumi na moja Juni. Ulikuwa wapi?"

"Nakumbuka kwa sababu ya ndoo," Nelvine akajibu. "Simu ilianguka kwa ndoo ya maji ya Jik ya kuulia vijidudu. Simu ikapona, laini ikafa. Nikaenda Sotik kuibadilisha."

"Kwa nani?"

"Jamaa wa mwavuli, wakala wa laini, pale karibu na stendi. Akachukua kitambulisho, akakipeleka kutoa fotokopi, akanipa ile mashine ya kuwekea saini kwa kidole. Niliweka mara mbili. Alisema ya kwanza haikushika."

Nyambeki aliinua kichwa. "Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Ukimwona leo utamjua?"

"Nitamjua. Lakini nilipita pale juzi. Miavuli yote iliondolewa Julai, hakuna mtu."

Nyambeki aliandika "saini mbili" pembeni mwa karatasi, kisha akaanza kushuka na mistari. Nelvine alikunywa chai yake ikaisha. Kalamu ilizungushia Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikafika Jumatano, ikazungusha tena.

"Jumamosi mchana, giga na giga," Nyambeki akasema. "Jumatano jioni, kiasi. Ijumaa jioni, kidogo. Siku zingine karibu hakuna."

Nelvine aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Mpira! Jumamosi na Jumatano ni mpira. Inspekta, ni Kipkoech. Ana ukumbi wa kuonyesha mpira, mkabala na zahanati yangu. Na stima ikipotea mimi huchajisha simu kwake, kwa sola. Inakaa huko hata masaa mawili."

"Twende tukamwone," Nyambeki akasema. Hakuonyesha kama ameamini au la.

* * *

Kipkoech walimkuta akipanga viti vya plastiki, mtu mnene mwenye kofia ya timu ambayo haijashinda kitu miaka mingi. Alimsalimu Nelvine kwa heshima. Huyo ndiye aliyewapokea watoto wake watatu. Aliposikia wamekuja kwa sababu gani, uso ulimbadilika.

"Mimi, Sista? Mimi nikuibie wewe?"

"Hakuna aliyesema kuiba," Nyambeki akasema. "Unaonyesha mpira kwa kutumia nini?"

"Kwa dishi. Toka nje uangalie juu ya mabati. Nalipia kila mwezi, risiti iko."

Nyambeki alitoka akaangalia. Dishi lilikuwepo, na waya wake uliingia ndani moja kwa moja hadi nyuma ya televisheni. Alirudi akakaa kwenye kiti kimojawapo.

"Siku yako kubwa ni gani?"

"Jumapili," Kipkoech akajibu bila kufikiri. "Mechi zile kubwa zinawekwa Jumapili. Hata wa kanisa wakitoka wanapitia hapa. Jumapili watu wanasimama mpaka mlangoni."

"Na Jumatano?"

"Jumatano ni zile za usiku. Zinaanza saa nne. Nafunga saa sita."

Nyambeki alifungua karatasi, akaiweka gotini. Alipitisha kalamu kwenye Jumapili zote tangu katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Zilikuwa kumi na mbili. Mbele ya kila moja palikuwa na sufuri. Akashuka kwenye Jumatano. Karibu kila Jumatano data ilianza kutumika saa kumi na moja jioni, na ilipofika saa moja ikazimika.

"Si yeye," akamwambia Nelvine.

"Una hakika?"

"Mtu wa mpira hawezi kulala Jumapili. Na hawezi kuzima saa moja mechi ikiwa ya saa nne." Akasimama, akampa Kipkoech mkono. "Tumekusumbua."

"Sista akitaka kuchajisha, bado nachajisha," Kipkoech akasema, lakini alisema akiangalia viti vyake.

Nelvine alibaki pale mlangoni kidogo. "Kipkoech, nisamehe."

"Ni sawa. Hata mimi ningekuwa wewe ningenishuku."

Nje, Nyambeki hakwenda mbali. Aliegemea ukuta wa zahanati, karibu na ile namba nyekundu, akasoma mistari ya Ijumaa mmoja mmoja. Saa kumi na mbili na robo. Kumi na mbili na ishirini. Kumi na mbili na robo. Dakika arobaini, halafu kimya.

"Jua linatua saa ngapi hapa?" akauliza.

"Kumi na mbili na nusu hivi. Kwa nini?"

"Nani anafungua kitu Ijumaa jua likitua, anakaa nacho Jumamosi mchana kutwa, anakigusa kidogo Jumatano jioni, na Jumapili anaenda shambani?"

Nelvine alifikiri. Yeye alikuwa mtu wa kanisa la Jumapili, kama jirani zake wote wa Cheptabut. Ilimchukua muda.

"Wasabato?" akasema.

"Wasabato. Mama yangu alitulea hivyo. Ijumaa ni kufungua Sabato, Jumatano ni maombi. Hii ratiba ningeisoma nikiwa nimefumba macho, nimechelewa tu kwa sababu ya mpira wako."

"Lakini makanisa ya Wasabato ni mengi. Ukivuka tu Sotik kwenda upande wa Kisii, kila kilima kina lake."

"Ni mengi. Lakini angalia hapa." Kalamu ilitua kwenye Agosti. "Jumatatu tarehe kumi na nane mpaka Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Kila siku, kutwa nzima. Wiki hiyo moja peke yake. Unajua hiyo ni nini?"

Nelvine alitikisa kichwa.

"Makambi. Wiki nzima ya mahubiri, watu wanashinda kanisani." Nyambeki alishatoa simu yake na kumpigia dada yake, Gesare, ambaye hakuwahi kukosa Sabato tangu abatizwe.

"Gesare. Makambi ya mwaka huu, yale ya tarehe kumi na nane Agosti, yalikuwa kanisa gani?"

"Ya kwetu yalikuwa wiki ya kwanza," sauti ikatoka kwa nguvu hata Nelvine akasikia. "Tarehe hiyo ilikuwa Riamoni. Nilitaka sana kwenda, mguu ukakataa. Nikaangalia kwa simu."

"Uliangalia kwa simu?"

"Walikuwa wanarusha moja kwa moja, picha safi kabisa. Kwani unarudi kanisani, Elmina?"

"Niko kazini."

"Nimekuombea miaka kumi na tano, na leo umeniuliza makambi mwenyewe!"

"Endelea kuomba," Nyambeki akasema. "Nitakupigia."

* * *

Kanisa la Riamoni lilikuwa la mawe, juu ya kilima chenye chai upande mmoja na migomba upande wa pili. Walifika Jumatano saa kumi, kabla watu wa maombi hawajaanza kupanda. Mzee wa kanisa, Nyang'au, mwalimu mstaafu mwenye koti la kijivu, alikuwa akifungua madirisha.

Nyambeki alimsalimu kwa Kikisii, akamwambia jina lake na la baba yake, kisha akasema mara moja shida iliyomleta. Hakutaka kumwingia mtu mzima kwa kona.

"Tunatafuta rauta ya Sautika, mzee. Namba yake inaishia na 614."

"Rauta tunayo," Nyang'au akasema. "Namba sijui. Ni ya kanisa."

"Tunaweza kuiona?"

Aliwapeleka chumba cha nyuma. Rauta ilikuwa ndani ya kabati, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa, karibu na vitabu vya nyimbo. Taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka. Nyambeki aliigeuza. Kibandiko kilikuwa kimechanika pembeni lakini namba zilisomeka, na alizisoma kwa sauti hadi mwisho. Sita, moja, nne.

Nelvine aliinyooshea kidole. "Hiyo ni yangu. Kwa jina langu. Miezi mitatu mnahubiri kwa jina langu!"

"Dada, subiri," Nyang'au akasema. "Subiri. Sisi tunalipa."

"Mnalipa nani?"

Mzee alivuta droo akatoa daftari la mazoezi. Risiti tatu zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye ukurasa wa kwanza, zimeandikwa kwa mkono, zimepigwa muhuri wa zambarau. *Kiplimo Connections, Sotik.*

"Alikuja hapa mwenyewe mwezi wa sita," Nyang'au akasema. "Mtu mpole, wa miaka thelathini na kitu. Alisema kampuni ina ofa ya makanisa. Rauta ni bure, kanisa linachangia kidogo kila mwezi, anapitia mwenyewe kuchukua. Nilimuuliza, fomu tujaze wapi? Akasema ofa haina fomu."

"Hukushangaa?"

"Nilifurahi," mzee akasema. "Nilifurahi sana, hiyo ndiyo makosa yangu." Akafungua daftari ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na majina, yameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu. "Hawa ni watu wetu ishirini na saba wasioweza kupanda hiki kilima. Miguu, macho, kiharusi. Mmoja hajaingia kanisani miaka sita. Jumamosi ile ya kwanza alinipigia simu akilia. Alisema amesikia sauti ya kiti changu kikisogezwa."

Nelvine aliinama kuyasoma majina.

"Mnatuona sisi ni wezi?" Nyang'au akamuuliza.

"Naona mmelipa," Nyambeki akajibu badala yake. "Na huyu amelipishwa. Kitu kimoja kimeuzwa mara mbili, na aliyeuza si mmoja wenu."

"Mzee," Nelvine akasema, sauti imeshuka, "mimi hii laini ikikatwa Ijumaa, mama mjamzito atapiga na hataniskia. Mwezi wa saba alipiga mmoja kutoka mashambani, anavuja damu. Nilimwelekeza mama mkwe wake kwa simu mpaka gari ikafika. Sina mahali ingine pa kupigiwa. Hiyo namba iko kwa kila ukuta."

Nyang'au alifika kwenye kabati, akachomoa waya wa rauta kwa mkono wake mwenyewe. Taa ya kijani ikazima. Aliizungushia waya vizuri, akaifunga na kile kitambaa cheupe, akampa Nelvine.

"Leo nitawaambia tuombe bila simu," akasema. "Na kesho naenda na nyinyi Sotik. Huyu Kiplimo nataka nimwone uso."

* * *

Duka la Kiplimo Connections lilikuwa kibanda cha mabati kilichopakwa rangi mpya, nyuma ya stoo ya mahindi. Alhamisi saa tano asubuhi, Nyambeki aliingia peke yake. Alikuwa amefunga leso kichwani na kubeba kikapu. Nelvine na mzee Nyang'au walikuwa barazani kwa duka la mbolea la jirani, na pamoja nao Sajini Atuti wa kituo cha polisi, aliyewahi kufanya kazi chini ya Nyambeki na bado alimwita Afande. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Sauti zilitoka vizuri.

"Chamgei, mama," Kiplimo akasema. Kweli alikuwa mpole. Alimtolea kiti.

"Chamgei mising. Nimesikia unauza intaneti ya vikundi. Sisi ni kina mama, tuna kikundi."

"Umefika, mama. Iko ofa. Rauta ni bure, mnalipa mwezi mmoja tu mbele."

"Lakini kitambulisho nimeacha nyumbani."

"Hiyo si shida."

"Na cha mwenyekiti wetu kimepotea."

"Mama, hata usijisumbue." Kiplimo alikuwa ameshavuta droo. Alitoa bahasha ya kaki iliyojaa, akapitisha kidole juu ya karatasi zilizokuwa ndani kama mtu anayechagua kadi, akachomoa moja akaiweka kando ya kompyuta yake. "ID ziko. Nyinyi mtumie tu."

"Hiyo ni ID ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kampuni ina sura ya mwanamke mwenye kilemba?"

Kiplimo aliifunika karatasi kwa kiganja. Nyambeki alivua leso yake akaikunja, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara waliyokubaliana. Sajini Atuti aliingia akajitambulisha, akaomba bahasha.

"Hizo ni nakala za wateja wangu," Kiplimo akasema haraka. "Kila wakala anazo. Ni sheria."

"Wakala anatuma nakala kwa kampuni, hazifungii kwa droo," Nyambeki akasema. "Na hamwandikishii mteja mmoja kwa kitambulisho cha mwingine. Sasa hivi nimeona ukifanya hivyo, na sajini amesikia."

"Sijaandikisha kitu. Nilikuwa naonyesha tu."

"Tarehe kumi na moja Juni," sauti ikasema mlangoni, "ulikuwa na mwavuli wa kijani."

Kiplimo alimwona Nelvine, na kile kilichokuwa mkononi mwake kwenye kitambaa cheupe.

"Nilikuletea laini iliyoingia maji," Nelvine akaendelea. "Uliniwekesha saini mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya laini yangu. Ya pili ilikuwa ya nini?"

"Ya kwanza haikushika, mama."

"Ilishika. Laini yangu ilirudi kabla sijaweka ya pili. Nilipigiwa simu na mama wa mapacha nikiwa nimesimama pale pale kwako. Na hao mapacha walizaliwa siku hiyo, tarehe iko kwa kitabu changu. Sema ya pili ilikuwa ya nini."

Kiplimo alimtazama Atuti, akamtazama Nyambeki, akatazama mlango uliokuwa umezibwa na mzee Nyang'au. Aliketi chini kwenye kile kiti alichokuwa amemtolea mgeni.

"Kamisheni ya laini mpya ni nzuri," akasema hatimaye. "Na watu hawasomi bili."

Atuti alimwaga karatasi mezani, akaanza kuzihesabu huku Nyambeki akiandika kwenye daftari lake. Nakala za vitambulisho arobaini na tatu. Juu ya kila moja, kwa kalamu nyekundu, namba ya simu ya mwenyewe, na chini yake namba ya rauta. Nelvine alikuwa wa thelathini na moja.

Mzee Nyang'au alisogea. Alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya pili kutoka juu.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nyambeki aliigeuza karatasi. Picha ilikuwa ya zamani, nywele bado nyeusi, lakini koti lilikuwa lile lile. Chini yake, namba ya rauta.

"Aliniomba nakala," mzee akasema, "ili atulipishe bei ya kanisa." Akamgeukia Kiplimo, na sauti yake ikawa ya mwalimu mbele ya darasa. "Yangu iko wapi? Nani anatumia kwa jina langu?"

Kiplimo aliinamisha kichwa. "Car wash," akasema. "Ya Bomet."

* * *

Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi Ojwang' aliikuta rauta ikimngoja juu ya kaunta, kitambaa kimekunjwa pembeni. Karibu yake palikuwa na barua ya kituo cha polisi yenye muhuri, na fomu ya malalamiko, tupu.

Alisoma barua mara mbili. Akageuza rauta, akalinganisha namba. Kisha alichukua kalamu, na bila kuambiwa akaandika kwenye fomu kwamba ameiona simu ya mteja na haina intaneti. Akaweka jina lake.

"Nafunga hiyo ya pili," akasema akibofya. "Imefungwa. Charji za data... zimetoka zote. Sista, deni huna."

Nelvine aliushika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nyambeki alimwachia nafasi.

"Sasa mkataba wenyewe," Ojwang' akaendelea. "Ile nyongeza ya Juni ni batili, kwa hivyo hakuna faini. Nikibonyeza hapa umeisha. Namba inabaki yako, utakuwa unaweka kredo. Nibonyeze?"

"Bado," Nelvine akasema. "Kwa huu mkataba, kupiga simu ni pesa ngapi?"

"Kupiga hakuna kikomo, Sista. Ndiyo maana ya mkataba."

"Ukibonyeza baadaye, unaisha lini?"

"Ukitaka, mwisho wa mwezi. Siku kumi na moja zimebaki, na ada ya mwezi huu ni ile ile."

"Basi andika mwisho wa mwezi."

Alimnyooshea Nyambeki mkono. Nyambeki alielewa, akampa daftari. Majina arobaini na tatu, na namba zao za simu. Nelvine alikaa kwenye benchi ya wateja, akaweka daftari magotini, akapiga mstari juu ya jina lake na la Nyang'au, akabonyeza vitufe.

"Hallo. Naongea na Edinah? Mimi naitwa Sista Nelvine, wa zahanati ya Cheptabut. Hapana mama, hakuna mgonjwa wako hapa. Nisikilize. Mwezi wa sita ama wa saba, ulibadilisha laini Sotik?"

Wateja waliingia wakatoka. Nyambeki aliwaletea chai kutoka ng'ambo ya barabara. Kabla ya saa tano, wawili kati ya waliopigiwa walikuwa wameshafika dukani wenyewe, wamekunja bili mifukoni, na Ojwang' akafungua kaunta ya pili. Nelvine hakuinua kichwa. Alikuwa akisema maneno yale yale kila mara, kwa sauti ile ile, kama anayemwelekeza mtu jinsi ya kumshika mtoto.

Kwenye jina la kumi na tisa alisikiliza muda mrefu. Kisha akasimama, akaiendea kaunta, akaiweka simu sikioni mwa Ojwang'.

"Ni mzee wa Londiani," akasema. "Bili yake ameshalipa. Ameuza ndama. Ananiuliza kama ndama atarudi."

"Sista, mambo ya kurudishiwa ni Nairobi, mimi..."

"Mwambie wewe. Mimi si wa Sautika."

Ojwang' alimtazama Nyambeki. Nyambeki alikuwa akinywa chai.

Kwenye simu, sauti ya mzee iliuliza tena kama kuna mtu. Ojwang' aliishika vizuri kwa mikono yote miwili, akavuta karatasi tupu karibu.

"Niko, mzee," akasema. "Naitwa Ojwang'. Anza mwanzo, naandika."